SIKU YA KLINIKI SI UTORO



Katika mikutano yetu tumezoea kusema juu ya mishahara, nyumba na malipo ya saa za ziada. Maneno hayo ni ya haki, wala hatuyaachi. Lakini liko jambo ambalo wengi wetu hulificha nyumbani, nalo ni watoto wetu waliozaliwa na ulemavu. Mfanya kazi mwenye mtoto kama huyo ana shida ambayo shilingi peke yake haiiondoi. Anakosa siku.

Tutoe mfano mmoja ili kila mtu aelewe. Duniani, katika kila watoto elfu moja, mmoja hivi huzaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Zamani aliitwa kiwete, akaachwa atembee kwa ubavu wa mguu. Lakini tangu miaka ya 1940 na 1950 Daktari Ignacio Ponseti, huko Iowa, Marekani, alionyesha kwamba nyayo hizo zaweza kunyoshwa pole pole kwa mikono na kufungwa plasta, bila upasuaji mkubwa. Njia hiyo yatumika hata hapa Kenya.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Mtoto huanzwa akiwa na majuma machache tu, maana viungo vyake vingali laini. Udongo upate ungali maji. Kila juma plasta hufunguliwa, mguu hunyoshwa kidogo, na plasta mpya hufungwa. Hivi huendelea majuma matano hadi saba. Kisha mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo, na plasta ya mwisho hukaa majuma matatu. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu mpaka afike miaka minne au mitano. Mzazi akiacha katikati, mguu hupinda tena.

Mwenzetu mmoja katika kituo cha bara alimpeleka mtoto mara tatu. Mara ya nne msimamizi alimwambia achague kliniki au kazi. Akachagua kazi, maana tumbo halingoji. Mama hakuwa na nauli ya kwenda peke yake. Plasta ilipozidi siku zake, aliiloweka na kuibandua mwenyewe, na mguu ukarudi kama ulivyokuwa. Daktari alikuwapo na dawa ilikuwapo, lakini ruhusa haikuwapo.

Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, majuma mawili kwa baba, na siku za ugonjwa. Hayo ni mema. Lakini siku za ugonjwa ni za mwili wa mfanya kazi mwenyewe, si za mguu wa mtoto wake. Tena tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Fedha hukatwa kila mwezi bila kukosa. Bima hiyo itamfaa nini mtu asiyeruhusiwa kufika mlangoni pa kliniki?

Kwa hiyo twataka Chama kiyaweke haya katika mapatano yajayo na wakubwa:

1. Mzazi mwenye mtoto anayetibiwa ulemavu apewe siku za kliniki zenye malipo, mbali na likizo yake. Kadi ya kliniki yenye muhuri iwe ushahidi.

2. Mzazi asihamishwe kituo katikati ya matibabu mpaka ijulikane kliniki iko wapi huko aendako.

3. Kila tawi liwe na mfuko mdogo wa nauli, tuuchangie sisi wenyewe.

Wakubwa watasema kila mtu atadai mtoto wake ni mlemavu. Twajibu kwamba kadi haisemi uongo, na siku zenyewe zahesabika. Kwa mguu uliopinda ni siku kumi hivi mwanzoni, kisha mara moja moja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji mazoezi miaka mingi, basi siku zake zigawanywe kwa mwezi. Boliti iliyolegea hukazwa leo, haingojewi mpaka behewa lianguke.

Na sisi wanaume tuambiane ukweli. Wako wanaosema mtoto wa namna hii ni laana, au kosa la mama, wakamwachia mama mzigo wote. Neno hilo halina msingi, na linawafanya watoto wafichwe mpaka wakati wa kuwatibu umepita. Mahali pa msaada papo. Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kiko tangu 1958, na hospitali ya CURE ilifunguliwa Kijabe, kando ya reli yetu ya zamani, mwaka 1998. Mwenye mtoto na amwambie katibu wa tawi mapema, wala asione haya.

Katiba ya 2010 yasema kila mtoto ana haki ya matibabu. Haki hiyo yahitaji mtu wa kumbeba mtoto mpaka hospitalini, na mtu huyo yuko zamu. Katibu alete jambo hili katika mkutano ujao, tulipigie kura.

Ni sisi, wafanya kazi wa karakana.