Usiuze Kiwanja cha Babu, Jenga Vyumba Viwili

Kila mwanafunzi mwenye simu ameshakutana na zile video: kijana wa Marekani amesimama mbele ya nyumba ya familia nne, anatwambia yeye anaishi upande mmoja na wapangaji watatu wanamlipia deni la nyumba. Wengi wetu tunaziangalia tukiwa tumebanana watatu kwenye chumba cha kukodi Tunguu au Fuoni, tunacheka na kusema, "Hayo ya wenzetu." Mimi nasema nusu yake ni ya wenzetu kweli. Nusu iliyobaki ni yetu tangu zamani, na tunaiacha itupite huku ardhi ya kwetu inauzwa.

Nianze na ile isiyokuwa yetu. Kule kuna mikopo inayodhaminiwa na idara ya Serikali iitwayo FHA. Mtu ananunua nyumba ya hadi familia nne kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5 tu, sharti akae humo mwenyewe, na deni analilipa hata kwa miaka 30. Hapa kwetu, kijana aliyetoka chuo jana nani atampa mkopo wa miaka 30? Na hata akipewa, wengi wetu riba hatuitaki kwa sababu ya dini. Isitoshe, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali. Unachopewa ni haki ya kuitumia, na masharti yake yamo katika Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Kwa hiyo anayekuhimiza ufuate njia ile hatua kwa hatua anakupoteza.

Sasa iliyo yetu. Nyumba ya Kiswahili ni nini, kama si nyumba ya familia nyingi? Njia katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Ng'ambo ya Unguja, Kariakoo ya Dar es Salaam na mitaa ya zamani ya Mombasa zimejaa nyumba hizi: mwenye nyumba analala chumba kimoja, vilivyobaki anakodisha. Na wazee wetu walikwenda mbali zaidi. Waliweka nyumba za wakf, kodi yake ikatunza misikiti na wasiojiweza. Mpaka leo iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayosimamia mali hizo. Kwa hiyo kula kodi ya nyumba si jambo lililoletwa na intaneti.

Historia hiyo hiyo inatupa onyo. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Vibanda vilikuwa vyao, wamevijenga kwa mikono yao, lakini ardhi iliyokuwa chini ya vibanda ilidaiwa na watu wengine waliokuwa wakipandisha kodi. Funzo langu hapo ni moja: mwenye nyumba asiye na uhakika wa kiwanja naye ni mpangaji, hata kama ukuta ni wake.

Tuje kwetu Mangapwani. Wageni wanatujua kwa pango na chumba cha watumwa. Siku hizi kuna habari nyingine: Serikali imepanga kujenga bandari jumuishi upande wetu. Tangu habari hizo zienee, madalali hawaishi njiani. Familia inauza kipande, pesa inanunua pikipiki, inaoza mtoto, inakwisha. Mwaka unaofuata inauza kipande kingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na mtoto wa familia hiyo hiyo akitaka kuoa, anakwenda kukodi chumba kwa mtu.

Hoja yangu ni hii: badala ya kuuza, familia ijenge vyumba viwili vya kukodisha, na sisi tulio chuoni tuwe watu wa kulisimamia jambo hilo.

"Nani atakodi shamba?" Ninasomea ualimu, kwa hiyo swali hili nalijua. Mwalimu mpya akipangiwa skuli ya shamba, la kwanza analouliza ni wapi atakaa. Akikosa chumba chenye choo cha maana, atakaa mjini na kupanda daladala kila alfajiri. Siku ya mvua anachelewa, darasa linamsubiri. Vivyo hivyo muuguzi wa kituo cha afya, na mfanyakazi wa hoteli. Bandari ikija, watakuja na wengine. Chumba kizuri kijijini kina faida kwa mwenye nyumba na kwa skuli pia.

Tupige hesabu, ya mfano tu, kila mtu aweke bei za kwao. Tuseme vyumba viwili na choo chake vinagharimu shilingi milioni 12, na kila chumba kinakodishwa kwa 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,920,000. Lakini usile hesabu hiyo! Toa miezi miwili ambayo vyumba viko vitupu, inabaki 1,600,000. Toa asilimia 10 ya matengenezo, inabaki 1,440,000. Milioni 12 zako zitarudi baada ya miaka minane na kitu. Nani alisema utajiri wa haraka? Lakini baada ya miaka hiyo kiwanja bado ni chenu na vyumba vimesimama. Aliyeuza ana nini?

Njia yenyewe ina mambo manne.

La kwanza ni karatasi. Jueni kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Kama ni katika zile eka tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi, ulizeni masharti yake kabla ya kugusa chochote. Kwa sheha na ofisi za ardhi ulizeni pia kama eneo limo kwenye ramani ya mradi. Msije mkajenga mahali patakapochukuliwa kesho.

La pili ni warithi, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia. Babu amefariki, mirathi haijagawiwa, mtoto mmoja anajenga kwa pesa zake, chumba kikianza kuingiza kodi shangazi na ami wote wanataka fungu. Na wana haki! Malizeni mirathi kwanza. Kisha andikeni: nani ametoa ardhi, nani ametoa pesa, kodi inagawiwaje. Kuandika si kukosa adabu kwa wakubwa.

La tatu ni pesa. Asiyetaka riba ana njia: mchezo wa kuchangiana, akiba ya jamaa walio Uarabuni, au murabaha kwenye benki zenye huduma za Kiislamu, ambapo benki inanunua vifaa na kukuuzia kwa bei mnayokubaliana mwanzo. Na jengeni kidogo kidogo: msingi wa vyumba vinne, kuta za viwili.

La nne ni utu. Sisi wanafunzi tunajua kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hata hujapokea pesa za mkopo, bomba halitoi maji, na ukilalamika unaambiwa utafute kwengine. Tusije tukawa hao. Mkataba wa maandishi, risiti, mita ya umeme kwa kila chumba, kodi ya miezi michache michache. Mpangaji aliyeridhika hahami, na chumba kisichohamwa ndicho chenye faida.

Najua nitaambiwa, "Mwanafunzi hana pesa, anaota tu." Kweli, pesa hatuna. Lakini katika mambo hayo manne, mawili ya mwanzo hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji mtu anayejua kusoma hati, kuandika mkataba na kukaa na wazee kwa heshima bila ya kuchoka. Kama elimu ya chuo haiwezi kazi hiyo, basi ni ya kazi gani?

Ukirudi nyumbani likizo hii, usiulize kiwanja kinauzwa bei gani. Uliza hati iko kwa nani, na warithi ni wangapi.