Kijana Anayesema "Niko Sawa, Mwalimu"

Safari hii ukurasa wetu hauzungumzii malaria wala lishe ya watoto wachanga. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya vijana wanaojifunza ngumi, na hasa juu ya kijana na kocha wake. Baadhi yenu mtauliza, manesi na ngumi wapi na wapi? Lakini wanaopigana Jumamosi usiku huletwa kwetu Jumapili alfajiri, na sisi wa zamu ndio tunaowafungulia mlango.

Jioni moja alikuja kijana wa miaka 19, mbeba mizigo sokoni, ameshikwa mkono na kocha wake. Alikuwa ametapika mara mbili mazoezini. Kocha alisema ni chakula cha mchana. Tukamwuliza kijana, kocha akiwa amesimama pale pale, "Mwanangu, kichwa kinauma?" Akajibu, "Hapana, mama, niko sawa." Tukaandika hapana. Tukaanza kumtibu tumbo.

Baadaye kocha akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Hapo kijana akamshika mmoja wetu nguo na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, usimwambie mwalimu." Kichwa kilikuwa kinamwuma kwa siku tisa, tangu alipopigwa ngumi ya sikioni katika pambano la mazoezi. Kila asubuhi alikuwa akimeza Panadol mbili ndipo aende mazoezini. Pambano lake lilikuwa limebaki wiki mbili, na alijua wazi kwamba akisema kichwa kinauma, nafasi itapewa mwenzake.

Tulimpeleka hospitali ya rufaa usiku ule ule. Kipimo cha picha ya ubongo kilionyesha damu imevuja ndani ya fuvu. Ilikuwa kidogo, hakupasuliwa, lakini daktari alimwambia kwamba habari ya kupigana imekwisha.

Kocha alipoelezwa hakukasirika. Alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu, kisha akatuuliza sisi, "Kwa nini hakuniambia? Huyu anakula kwangu. Nauli namlipia mimi." Hatukumjibu usiku ule. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiri swali lake, na makala haya ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Kocha yule ni mtu mwema. Anawaamsha vijana saa kumi na moja alfajiri, anawazuia bangi, na akina mama wengi wanamshukuru. Alidhani kwamba kwa kuwa kijana anamtii, basi kijana anamwamini. Lakini utii na imani si kitu kimoja. Kijana anayeruka kamba mpaka aambiwe basi anaweza kuwa anatii kwa kuogopa kupoteza chakula, nauli na jina lake lililokwisha kubandikwa kwenye tangazo. Kwa maoni yetu, kijana anayemwamini kocha wake anajulikana siku anapokuwa na habari mbaya ya kumpa, naye akaitoa. Kocha aliyefundisha miaka mitano bila kuambiwa hata mara moja kwamba kichwa kinauma, asijisifu kwamba vijana wake wana vichwa vigumu. Ajiulize wanamficha nini.

Tueleze kidogo kwa nini jambo hili ni la hospitali. Ubongo umekaa ndani ya fuvu mfano wa kiini ndani ya yai. Ukilitikisa yai, gamba hubaki zima na kiini kikavurugika. Ndivyo ilivyo kwa ngumi ya kichwa: nje hamna jeraha, lakini ndani ubongo umetikisika. Ile kofia ya mazoezi inayovaliwa kichwani husaidia uso usichanike, lakini haizuii mtikisiko ndani ya fuvu. Aliyetikisika ubongo akipigwa tena kabla hajapona, ngumi ndogo tu yaweza kumwua. Na mtikisiko huu hauna kipimo cha damu cha kawaida cha kuutambua hapa kwetu, wala thamometa haiuoni. Dalili zake za mwanzo anazijua mwenye kichwa peke yake: kinauma, mwanga unamkera, anasahau alikoweka viatu, usingizi haumtulii. Asiposema, kocha atajuaje? Sisi wenyewe, na vyeti vyetu ukutani, tulishindwa kujua.

Hata kijana mwenyewe si shahidi wa kutegemewa saa ile ya ulingoni. Wakenya hawajamsahau Robert Wangila, aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mwezi Julai 1994 alipigana huko Las Vegas, Marekani. Mwamuzi alisimamisha pambano, naye Wangila akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, akapoteza fahamu akiwa chumba cha kubadilishia nguo, na hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 mwezi huo. Kwa hiyo bondia anaposema "niko sawa" katika joto la pambano, asihukumiwe kwamba ni mwongo. Huenda kweli hajisikii vibaya kwa dakika zile.

Ndiyo maana tunapenda kukumbusha habari ya Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier. Tarehe 1 Oktoba 1975 Frazier alipigana na Muhammad Ali karibu na Manila, Ufilipino. Zilipokwisha raundi 14, ikiwa imebaki moja tu, Futch aliona kijana wake macho yamevimba na ngumi za Ali hazioni tena zinapokuja. Akasema basi. Frazier alikataa, alitaka kuinuka kwenye kigoda; Futch hakubadili neno. Alikuwa amekwisha kuona mabondia wakifa kwa ngumi. Mwaka uliofuata Frazier alipopanda tena ulingoni kupigana na George Foreman, Futch alikuwa bado kocha wake. Kumbe kocha anaweza kumzuia kijana jambo analolitaka kuliko yote, na bado kijana akarudi kwake. Na tuongeze hili: miaka mingi baadaye Frazier alieleza kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa bovu kwa siku nyingi, naye alikuwa akiwahadaa madaktari waliompima. Hata mabingwa wa dunia huficha.

Je, kocha wa mtaani kwetu, asiye na daktari wala mashine, afanye nini? Kwanza aache lile swali la "Uko sawa?" Swali hilo lina jibu moja tu, na kila kijana analijua. Aulize hivi: jana ulilala saa ngapi? Leo umeamkaje? Umemeza dawa gani tangu asubuhi? Nitajie miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Na amwulize pembeni, wenzake wasisikie, maana mbele ya wenzake kijana hatakubali kuonekana mnyonge. Sisi tulijifunza hili kwa aibu: sasa kijana wa ngumi akiletwa, tunamwomba kocha kwa heshima asubiri nje kidogo.

La pili ni gumu zaidi, kwani linagusa mfuko. Kocha aahidi mbele ya kambi nzima kwamba atakayesema anaumwa hatapoteza nafasi yake, itamngoja. Kisha itokee siku atimize. Ahadi ikivunjwa mara moja, kambi nzima itafunga midomo mwaka mzima. Kanuni za ngumi za ridhaa za kimataifa zimekuwa zikitaka aliyeangushwa kwa ngumi za kichwa apumzike mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupigana tena. Kijana akiambiwa kanuni hiyo siku anayojiandikisha, kupumzika hakutakuwa adhabu wala aibu.

Na mazungumzo yawe ya pande mbili. Mara ngapi kijana anapandishwa ulingoni na mtu aliyempita uzito na mapambano, naye hakuambiwa mpaka siku ya kupima uzito? Mara ngapi hajui waandaaji wamelipa kiasi gani? Kocha anayeficha mambo ya fedha asishangae kufichwa mambo ya kichwa.

Lakini wazazi, nanyi tuna neno kwenu. Wengine wenu mnampeleka mtoto kambini mkiwa mnajua ana kifafa, au pumu, au seli mundu, au jicho moja halioni, na hamsemi kwa kuona haya. Kifafa si aibu, ni ugonjwa, na dawa tunazo. Lakini mwenye kifafa hafai kupigwa kichwani, na kocha asiyeambiwa hana kosa akimpandisha ulingoni. Nendeni mkaonane naye. Akina baba hasa, msingoje siku ya pambano kwenda kushangilia. Nendeni siku ya mazoezi, kaeni nusu saa, msikilize anavyosema na vijana. Kocha anayemcheka kijana aliyeomba kupumzika, mwondoeni mtoto wenu hapo siku hiyo hiyo.

Siku hizi wasichana nao wanapigana, na tangu London mwaka 2012 ngumi za wanawake zimo katika Olimpiki. Msichana atamwambiaje kocha mwanamume kwamba yuko katika siku zake, au kwamba hazikuonekana mwezi huu? Wengi hunyamaza na kuendelea. Kambi yenye wasichana iwe na mwanamke mtu mzima ambaye wanaweza kumweleza mambo hayo, na msichana asibaki peke yake na kocha nyuma ya mlango uliofungwa. Hili si kumshuku kocha. Linamlinda naye pia. Kujinyima maji ili kupunguza uzito ni jambo jingine linalofichwa sana, kwa wavulana na wasichana. Tumewaona wakija midomo imekauka na mkojo wa rangi ya chai ya rangi.

Kuna mwenzetu mmoja katika chumba cha zamu ambaye anasema maneno yote haya ni ya bure, ngumi zipigwe marufuku kabisa. Anatukumbusha kwamba Zanzibar zilizuiwa tangu 1964 hadi 2022. Hatumdharau, maana ndiye aliyemshika mkono kijana yule njia nzima ndani ya gari la wagonjwa. Wengine wetu tunaona kwamba vijana watapigana tu, kama si ulingoni basi nyuma ya kilabu cha pombe, ambako hakuna mwamuzi, wala kocha wa kurusha taulo. Katika hili bado hatujaafikiana.

Tunaloafikiana wote ni hili la nyumbani. Kijana aliyepigwa kichwani akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akisema maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, mleteni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dalili hizi huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa. Msimpe aspirini wala vidonge vingine vikali vya maumivu, maana baadhi huongeza kuvuja damu. Wala msimpe chochote ili aweze kwenda mazoezini. Hiyo Panadol ya asubuhi ilimfichia kijana yule ugonjwa kwa siku tisa.

Anaendelea vizuri. Amerudi sokoni, ila habebi magunia mazito. Anaandika hesabu za mizigo. Jioni huenda kambini kushika saa na kupiga kengele, dakika tatu za kupigana na moja ya kupumzika. Tulipita huko mwezi uliopita tukitoka kliniki ya watoto. Kocha alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje na mvulana wa miaka kama 15, wawili peke yao, na mvulana alikuwa akitaja miezi: Desemba, Novemba, Oktoba. Alipofika Agosti alikwama. Kocha akamfungua kamba za glovu, mmoja mmoja, akamwambia, "Leo utakaa na mwenye saa. Jina lako nimeliacha pale pale."