Tupa Gani Unayoniambia?

Samahani wasomaji kwa kimya cha wiki tatu. Siumwi, na wala seva haijaanguka. Nilikuwa uani nikipambana na baiskeli ya mtoto: Raleigh Chopper, ile yenye gurudumu la inchi 20 nyuma na 16 mbele, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Jirani alikuwa anahama, akampa binti yangu. Fundi wa kwanza aliitazama mara moja tu. "Mzee, hii ni chuma chakavu. Tupa, nunua mpya."

Mpya gani, jamani? Mwaka jana nilimnunulia mpya. Baada ya miezi miwili pedali ikang'oka na nyuzi zake. Nikairudisha dukani, nikaambiwa wao wanauza, hawatengenezi, na kipuri hakuna. Hiyo ndiyo mpya mnayotusukumia: mali ya kutumika msimu mmoja.

Sasa tazama hii kuukuu. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni Sturmey-Archer AW, na imepigwa chapa ya 76. Ni mwaka huo, 1976, umeandikwa pale pale kama namba ya toleo la programu. Muundo wenyewe ulitoka mwaka 1936! Fungua ndani: gia ya katikati ina meno 20, inazungukwa na gia ndogo nne za meno 20, na pete ya nje ina 60. Gawa 20 kwa 60, ongeza moja, unapata 4/3. Hiyo ndiyo gia ya tatu. Igeuze iwe 3/4, ndiyo ya kwanza. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuisoma. Hii ni programu huria ya chuma, ndugu zangu. Mafuta ya taa, mswaki mkuukuu, springi mbili na gololi mpya, ikaanza kulia tik-tik-tik.

Si kwamba wazee wa Nottingham walikuwa malaika. Kwenye beringi za pedali walitumia nyuzi 26 kwa inchi, wengine wakitumia 24, kwa hiyo vikombe vya kawaida haviingii. Sisi waandishi wa programu tunaijua sana hila hiyo ya kumfunga mteja kwako. Bahati nzuri vikombe vilikuwa vizima. Kotapini ndiyo iliyokuwa imekwisha, na fundi wa pili, kijana wa jua kali, akachukua tupa (ile ya kusugulia, si ile ya yule mwenzake), akaichonga mpya ikakaa sawasawa.

Utaniuliza, na wiki tatu zako? Ni kweli, kwa hesabu ya mshahara nimepata hasara. Lakini mwaka 2023 Raleigh wenyewe waliitoa Chopper upya kwa pauni 950. Bei hiyo si ya mtoto hata kidogo, ni ya baba anayekumbuka utoto wake. Binti yangu wa miaka tisa ameshika kila gia ya hii kwa mikono yake, na juzi aliniuliza, "Baba, kwani simu yako mbona haifunguki?" Sikuwa na jibu. Imegundishwa kwa gundi.

Imebaki waya wa gia. Kati ya pili na tatu pedali bado zinazunguka bure, hatari kweli. Anairekebisha mwenyewe Jumamosi, mimi nitashika taa.