Meli Huonekana Wakati wa Maafa

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza namna ya kwenda Zambia kwa maji kutoka Kigoma, akiwa na shanta mgongoni na fedha kidogo mfukoni. Nikaanza kumjibu kwa mazoea, nikaitaja Mv Liemba, kisha nikanyamaza. Liemba imesimama kwa miaka kadhaa sasa. Jibu la kweli lilikuwa: panda basi.

Mimi niliipanda nikiwa mwanafunzi, daraja la tatu, katika likizo fupi. Tuling'oa nanga Kigoma Jumatano jioni, tukafika Mpulungu Ijumaa. Nilidhani naenda kuiona nchi jirani. Niliyoiona zaidi ni nchi yangu mwenyewe. Vijiji vingi vya mwambao ule havikuwa na gati. Meli ilipunguza mwendo, ikapiga honi gizani, na papo hapo boti za mbao zikatoka ufukoni kuifuata. Watu wakapanda na kushuka katikati ya ziwa: magunia ya dagaa, magodoro, mgonjwa aliyeshikwa mabega, mtoto mchanga aliyepitishwa mkono kwa mkono. Kwa watu wa chini ya Milima ya Mahale, ambako gari halikufika, honi ile ndiyo iliyokuwa stendi.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa. Alipoliona shanta langu akaniuliza, "Mwanangu, umebeba biashara gani?" Nikamwambia natembea tu. Akacheka sana. "Kutembea tu! Basi Mungu amekujalia." Yeye alikuwa na hati ya muda ya kusafiria, iliyokunjwa vizuri ndani ya kitambaa, na alijua thamani ya kwacha kuliko mwalimu wangu yeyote wa uchumi. Hakuiita Mpulungu "nje ya nchi". Aliiita "kule".

Wageni wengi walioandika kuhusu Liemba waliandika juu ya umri wake: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ni simulizi tamu, nami huisimulia darasani. Lakini tumeiacha ifunike jambo lingine.

Mwaka 1997 meli hii ilirejesha makumi ya maelfu ya wakimbizi Kongo. Mwezi Mei 2015, Warundi walipokimbia na kurundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Nyakati hizo hakuna aliyeuliza kama safari inalipa. Maafa yalipopungua, swali likarudi: abiria ni wachache, mafuta ni ghali, chombo ni kikuukuu.

Najua watumishi wa umma wanaosoma hapa watanijibu kwamba bajeti haitoshi na kwamba mipango ipo. Sikatai. Nauliza tu kwa nini barabara ya lami haitakiwi kujilipia kwa nauli ya kijiji, ilhali meli inatakiwa. Mkulima wa bara akijengewa barabara tunaita maendeleo. Mvuvi wa mwambao akitaka chombo tunaita hasara. Kwa muda huu wote anasafiri kwa boti zilizojazwa kupita kiasi, na ziwa hili likichafuka haliulizi nani alikosa bajeti.

Kwenye mikutano tunaimba ushirikiano wa kikanda. SADC ilitia saini itifaki ya kurahisisha uhamaji wa watu mwaka 2005, na kwa miaka mingi itifaki hiyo imekosa nchi za kutosha za kuiridhia. Yule mama hakuwahi kuisikia. Alichohitaji ni siku ya meli isiyobadilika, hati asiyoiomba upya kila safari, na mahali pakavu pa kuweka magunia. Hayo matatu ndiyo ningeanza nayo kabla ya kuandaa kongamano jingine.

Mwanafunzi wangu alikwenda kwa basi, kupitia Mpanda, Sumbawanga na Tunduma, akafika hadi Kasama. Amerudi juzi. Anasema tangu alipoiacha Kigoma hadi aliporudi, ziwa hakuliona hata mara moja.