Jini na Wapishi Wake

Ndugu msomaji, neno "jini" katika lugha yetu lina maana mbili. Liko jini la hadithi, lifungwalo ndani ya chupa na kuleta balaa likifunguliwa. Na iko jini ya baa, kileo cheupe kama maji, chenye asili ya Ulaya. Juma hili tuizungumze hii ya pili. Tangu mwaka 2009 vinu vidogo vya jini vimechipuka katika nchi nyingi, hata hapa Afrika ya Mashariki, na walioviasisi wanasifiwa kuwa mafundi. Ilhali jirani yetu apikaye gongo uani, kwa kazi iliyo karibu sana na hiyo, hukimbizana na polisi. Hapana budi tuulize sababu.

Kazi yenyewe huitwa kukeneka. Pombe iliyokwisha kuchacha huchemshwa, mvuke wake ukanaswa na kupozwa urudi kuwa maji. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi, nayo maji hungoja hadi 100. Kwa hiyo kileo hutangulia kutoka. Fundi ajuaye kazi humwaga mkondo wa kwanza, ambao ni mkali na haufai, huchukua wa katikati, na huuacha wa mwisho wenye harufu mbaya. Jini huongezewa hatua moja: kileo kilicho safi hukenekwa tena pamoja na matunda madogo ya mti wa jamii ya mtarakwa, mbegu za giligilani na viungo vingine, navyo ndivyo viipavyo harufu yake.

Kileo hiki kilitoka Uholanzi, kikaingia Uingereza, na huko kilianza kwa aibu. Mwaka 1690 serikali iliifungua biashara ya kukeneka kwa watu wengi, na kabla ya nusu karne kupita jini ilikuwa imejaa katika vichochoro vya London, ikinyweka kwa senti chache. Mwaka 1734 mwanamke mmoja, Judith Defour, alimchukua mtoto wake mwenye umri wa miaka miwili kutoka katika nyumba ya kutunzia maskini, akamuua, akauza nguo mpya alizovishwa huko, na fedha akazinywea jini. Mji mzima ulishtuka.

Mwaka 1736 ikatungwa sheria iliyodai leseni ya paundi 50 kwa mwaka. Mchuuzi gani wa kichochoroni angeweza kulipa kiasi hicho? Karibu wote hawakulipa. Biashara ikajificha, na ulevi ukaendelea. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 1743. Sheria ya mwaka 1751, mwaka ule ule mchoraji William Hogarth alipotoa picha yake mashuhuri ya mtaa ulioangamizwa na jini, ilikuwa ya wastani zaidi na ilitekelezeka. Baadaye bei ya nafaka nayo ikapanda, na wimbi likatulia.

Kuanzia hapo jini ikawa kazi ya viwanda vikubwa. Katika London mlango wa mtu mdogo ulikaa umefungwa kwa muda mrefu, hata walipotokea marafiki wawili, Sam Galsworthy na Fairfax Hall. Waliacha kazi zao, wakauza nyumba zao, wakaungana na Jared Brown, Mmarekani aliyebobea katika historia ya vileo. Walipoomba leseni waliambiwa kuwa mtambo wao ni mdogo mno, kwani watoza ushuru walikuwa hawaruhusu mtambo wa chini ya lita 1,800. Hawakujificha uani. Walibishana na ofisi hiyo kwa muda wa miaka karibu miwili, na mwaka 2009 wakapata leseni. Kinu chao, Sipsmith, kikaanza kazi katika gereji mtaani Hammersmith, kwa mtungi wa shaba walioupa jina la Prudence, yaani Busara. Wengine wakafuata njia hiyo, na kufikia mwaka 2020 Uingereza ilikuwa na vinu vya vileo vikali zaidi ya 500. Sipsmith yenyewe ilinunuliwa na kampuni kubwa mwaka 2016. Hayo nayo ni sehemu ya hadithi.

Wimbi hilo limefika Nairobi. Huko Guy Brennan, pamoja na fundi wa Afrika Kusini Roger Jorgensen, walianzisha jini ya Procera. Waligundua jambo lililokuwa wazi mbele ya macho: kwamba milima yetu ina mtarakwa wake yenyewe, mti ambao zamani mbao zake zilitengenezewa penseli. Matunda yake hutumika yakiwa mabichi, ilhali Ulaya aghalabu hutumia makavu. Chupa yake moja ina bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hawezi hata kuiwaza.

Basi na mpishi wetu wa uani je? Uganda ilimjaribu kwa sheria ya mwaka 1965: apikaye enguli awe na leseni, na akiuzie kiwanda alichokipika, nacho kikisafishe na kukitia chupani. Ndiyo asili ya Uganda Waragi. Tanzania ilitunga sheria yake ya pombe ya moshi mwaka 1966, na mtu asiye na leseni akazuiwa kupika. Kenya iliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, lakini marufuku hayo hayakuzuia msiba wa Novemba 2000, wakati watu zaidi ya 100 walipokufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010 Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni, viwango na chupa zilizofungwa. Wapishi wengi wadogo hawakuyamudu masharti hayo, wakabaki walipokuwa.

Methanoli hiyo ni kileo cha viwandani. Mchuuzi mwenye tamaa huiongeza ili pombe ipate ukali kwa bei rahisi. Haitambuliki kwa macho wala kwa ulimi, na kiasi kidogo tu hupofusha au kuua. Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa akaona ukungu machoni, akapumua kwa shida au kuumwa tumbo, msimlaze nyumbani mkidhani ni uchovu wa pombe. Mpelekeni hospitali mara moja, na msifiche alichokunywa. Dawa ipo, lakini haingoji kesho.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba gongo ihesabiwe kuwa njema kwa sababu jini imepata heshima. Chupa iwayo yote, ya shaba au ya pipa, hula mshahara ule ule unaonunua unga na madaftari. Ninalosema ni hili: yule mama apikaye usiku ili alipe ada ya mwanawe anao ustadi ule ule wanaousifu London. Alichokosa ni mkaguzi wa kumpimia pombe yake, na leseni iliyo ndani ya uwezo wake. Mlango wa sheria ukiwa mwembamba kupita kiasi, wanaopenya ni wenye fedha peke yao. Walio nje hawaachi kupika, huhamia gizani, na gizani ndimo mwuza methanoli anamowangoja. Waingereza waliliona hilo mwaka 1736, na iliwachukua miaka saba kuirudi sheria yao. Sisi tumekwisha kupita nusu karne.

Tukutane Jumapili ijayo.