LANGO NI LETU, MZIGO NI WA NANI?

Mwaka 2025 umekwisha, na kila mwenye duka amekwisha funga daftari lake. Mji wa Tunduma nao wastahili kufunga daftari lake, wala usingoje kufungiwa na watu wa Dodoma au Dar es Salaam. Mambo manne makubwa yaligusa mfuko wa mchuuzi, wa dereva na wa mkulima wa Mkoa wa Songwe mwaka ule. Yote manne yaliamuliwa mbali na Tunduma. Hilo ndilo jambo linalotupasa kulitafakari.

La kwanza lilitokea mwezi wa Machi. Kanuni mpya zilikataza bei za bidhaa na huduma humu nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Dar es Salaam kanuni hizo zilimlenga mwenye nyumba adaiye kodi kwa dola. Tunduma zilimkuta mama wa sokoni ambaye mteja wake amevuka kutoka Nakonde, kwacha ikiwa mkononi. Kanuni ni ya haki, kwani taifa lisiloheshimu fedha yake halitaheshimiwa na mtu. Lakini heshima hiyo yataka pawepo mahali pa kubadilishia fedha, palipo karibu na penye bei halali, ili mnyonge asianguke mikononi mwa walanguzi.

La pili ni la Aprili. Malawi ilikuwa imezuia mahindi, unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka kwetu, na Afrika ya Kusini kwa muda mrefu ilikuwa imefungia ndizi zetu mlango. Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya nchi hizo mbili. Baada ya siku chache amri ikaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Wapo waliocheka wakasema tulirudi nyuma. Sisi twasema jirani aliyekufungia mlango hana budi kukumbushwa kwamba nawe unao mlango. Hata hivyo, ugomvi wa majirani haumwumizi waziri kwanza. Humwumiza mkulima wa Ileje, ambaye Malawi aiona ng'ambo ya Mto Songwe, na mchuuzi ambaye mali yake huoza kabla wakubwa hawajaketi mezani.

La tatu ni amri ya Julai iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo rejareja, uwakala wa forodha, kutuma fedha kwa simu na kununua mazao shambani. Kwa mkoa unaoishi kwa mahindi na kahawa, hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Lakini tusijidanganye. Amri yaweza kumwondoa mgeni shambani. Haiwezi peke yake kumpa mkulima bei nzuri. Wanunuzi wakipungua na waliobaki wakapatana chini chini, mkulima atapunjwa na ndugu yake kama alivyopunjwa na mgeni. Dawa ni chama cha ushirika chenye mizani ya kweli, ghala lisilovuja na viongozi wasiokula fedha za wanachama.

La nne ndilo zito. Tarehe 29 Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya China ya CCECC zilitia sahihi mkataba wa kuifufua reli ya Tazara kwa dola bilioni 1.4. Muda wake ni miaka 30: mitatu ya matengenezo na 27 ya uendeshaji. Novemba kazi ikazinduliwa Lusaka. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975, ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na katika miaka ya karibuni haikufikia hata nusu yake. Kwa hiyo shaba ya Zambia na Kongo imekuwa ikishuka Dar es Salaam kwa malori, na mafuta kupanda kwa malori. Tunduma imekua kwa malori hayo.

Yafaa basi tuseme wazi lisemwalo kwa kunong'ona. Reli ikiamka, sehemu ya mzigo itaihama barabara. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, kila jitihada imekuwa ya kuharakisha lori lipite. Na lori lipitalo upesi halilali, wala dereva wake na utingo hawali kwa mama lishe. Hatuwezi kuomba foleni irudi. Foleni ni hasara kwa taifa, na wenye mizigo wanayo sasa reli ya Lobito ya Angola, inayoungwa mkono na Marekani na Ulaya. Tukichelewesha mzigo wao, wataupeleka bahari nyingine.

Tena mwaka huo ulitufundisha kwa uchungu. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba yalimwaga damu ya wananchi, na intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Damu hailipiki kwa ushuru wowote. Na mji wa mpakani, unaoishi kwa watu kupita na habari kupita, hauna njia ya kustawi pasipo amani iliyosimama juu ya haki.

Njia iliyobaki ni moja: Songwe iwe na mzigo wake yenyewe. Kahawa ya Mbozi huondoka ikiwa buni na kukaangwa ugenini. Mahindi huondoka katika magunia, na faida ya unga huwafuata wenye mashine. Miaka hii mitatu ya matengenezo ni muda tuliopewa. Itumike kujenga maghala na viwanda karibu na reli, kuhakikisha kwamba mazao ya mkoa yana nafasi katika mabehewa, na kuwaandalia kazi wapakizi na madereva watakaopungukiwa na safari. Madiwani, vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi na wavidai vitu hivi sasa, kabla treni ya kwanza haijapiga honi.

Bawabu hupokea ujira, lakini mavuno ni ya mwenye shamba. Tunduma imekuwa bawabu hodari kwa miaka mingi. Wakati umefika iwe na shamba.