Kiini cha Kompyuta Kuukuu, na Hatua Tuliyoiruka

Kompyuta ikitimiza miaka kumi na mitano, watu wengi huihesabu miongoni mwa maiti. Hufunikwa kitambaa, husukumwa pembeni mwa stoo, na mwishowe huandikiwa barua ya kufutwa katika orodha ya mali ya shule. Sina ugomvi na barua hiyo, kwani stoo ya shule si makumbusho. Ninalolipinga ni wazo lililo nyuma yake, kwamba chombo kikiacha kupokea programu za leo basi hakina tena cha kumfundisha mtu. Kwa maoni yangu, katika shule za sekondari za Tanga, na za mwambao wote kutoka Mkinga hadi Pangani, kompyuta moja kuukuu iliyotunzwa kwa makusudi yaweza kufundisha jambo ambalo mashine ishirini mpya hazilifundishi: namna kiini cha mfumo endeshi kinavyofungamanishwa na maunzi, yaani vyombo vyenyewe vinavyoshikika.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Kiini ni programu inayoingia katika kumbukumbu kabla ya programu za mtumiaji, ikabaki humo mpaka mashine inapozimwa. Ndicho kinachogawa kumbukumbu na zamu za prosesa baina ya programu zinazoshindana, na ndicho chenye dhamana ya kuzungumza na diski, kadi ya mtandao, kioo na kibodi kwa niaba ya programu nyingine zote. Kila kifaa kina tabia zake. Kwa hiyo ndani ya kiini lazima iwepo sehemu inayozijua tabia hizo, nayo mafundi huiita dereva. Kusanidi kiini, basi, ni kuamua ni madereva gani waingie, ni aina gani ya prosesa ihudumiwe, na ni nafasi kiasi gani itengwe kwa shughuli ipi, kisha kuipa kompaila kazi ya kuyageuza maamuzi hayo kuwa programu moja. Katika kompyuta nyingi za siku hizi kazi hii imekwisha kufanywa na wengine kabla mashine haijatufikia. Mtumiaji hupewa kiini chenye kila kitu, mfano wa duka la jumla, naye aghalabu hajui hata kwamba kipo.

Nchi nyingine zilipitia kipindi ambacho kazi hiyo ilikuwa ya kawaida. Katika miaka ya 1980, mwanafunzi au mhandisi aliyetunza mashine ya Unix katika chuo kikuu, hususan Unix iliyotoka Berkeley, California, alisanidi kiini alipoongeza diski au kadi ya aina mpya. Bila shaka alinung'unika, lakini alijifunza. Sisi hatukukipata kipindi hicho. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kuleta hasara na matatizo, uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu, na marufuku hiyo haikuondolewa kikamilifu hadi miaka ya 1990. Wapo wanaoilaani amri ile moja kwa moja. Mimi naona ilikuwa na sababu: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mashine zile zilinunuliwa wakati nchi haina watu wa kutosha wenye kuyaelewa matumbo yake. Hata hivyo gharama yake tunailipa mpaka leo. Mlango ulipofunguliwa, kompyuta iliyoingia ofisini na shuleni ilikuwa sanduku lililokwisha kufungwa. Tukajifunza kuandika barua na kupanga majedwali. Kati ya umeme unaoingia na herufi inayotokea kwenye kioo pamebaki pengo, na wengi wa walimu wa sasa walifundishwa na watu waliokuwa wameliruka pengo hilo hilo.

Chombo kizuri cha kuliziba ni zile kompyuta za mezani zilizotengenezewa wahandisi na watafiti, ambazo wenyewe walizipa jina la stesheni za kazi. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa SPARCstation 1 mwaka 1989. Lilikuwa sanduku bapa lenye prosesa ya megahezi 20 na kumbukumbu ya kuhesabiwa kwa megabaiti chache. Zilizofuata, kama SPARCstation 2 na IPX, zilifika megahezi 40. Simu janja ya bei nafuu inayouzwa leo katika maduka ya Ngamiani huzishinda mara nyingi. Kwa sababu ya historia niliyoieleza, mashine hizo ni adimu huku kwetu. Lakini hoja yangu yasimama vilevile kwa kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya 486 au Pentium, na hizo si adimu.

Swali la kwanza ni mfumo endeshi upi utakubali kuishi humo. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 juu ya prosesa ya 386, iliacha kuihudumia prosesa hiyo hiyo kuanzia toleo la 3.8 la mwaka 2013. Siwalaumu walioamua hivyo, maana kila mashine kuukuu inayobakizwa huwaongezea watunzaji mzigo. NetBSD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1993, imefuata njia nyingine: imejiwekea sharti la kuendeshwa katika mashine za namna nyingi kadiri iwezekanavyo, na toleo lake la 10, lililotolewa mwaka 2024, bado lina nafasi ya SPARC za zamani. Ni mfumo wa bure, na maandishi yote ya programu zake yako wazi. Kwa mwalimu, hilo la pili ndilo kubwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mashine huwashwa kwanza kwa kiini cha jumla, kiitwacho GENERIC, kilichobeba madereva wa karibu kila kifaa kinachoweza kukutwa katika jamii ya mashine hizo. Kinapoamka, huandika kwenye kioo kila kilichokiona: prosesa, kiasi cha kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao. Mwanafunzi huyanakili maandishi hayo katika daftari. Kisha hulifungua faili la usanidi, ambalo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na mtu yeyote, akalinganisha mstari kwa mstari. Atakuta, kwa mfano, mstari usemao options SUN4C na mwingine usemao options SUN4M. Wa kwanza wahusu jamii ya IPX. Wa pili wahusu jamii iliyokuja baadaye, kama vile SPARCstation 5. Ikiwa mashine iliyo mbele yake ni IPX, mstari wa pili hauna kazi. Atautanguliza alama ya #, nao utanyamaza.

Hapa ndipo elimu inapoanza, kwa sababu mistari hiyo haikupangwa ovyo. Diski imetundikwa kwenye njia ya SCSI, njia hiyo imetundikwa kwenye kidhibiti chake, na kidhibiti kimetundikwa kwenye njia kuu ya mashine, iitwayo SBus. Mwanafunzi akiufuta mstari wa kidhibiti huku ameacha wa diski, diski hubaki yatima na programu ya usanidi hulalamika. Akilegea zaidi, akaiondoa sehemu inayojua mpangilio wa mafaili ya diski, kiini kitajengwa bila lalamiko lolote, kitaamka, kitaiona diski, kisha kitasimama kama mtu aliyepewa kitabu cha lugha asiyoijua. Kosa la namna hii halina madhara yoyote mradi kiini cha zamani kimehifadhiwa kwa jina jingine. Huandikwa amri moja mbele ya neno ok la SPARCstation, na mashine huamka na kile cha zamani. Sijaona zoezi linaloonyesha wazi kuliko hili kwamba kompyuta ni ngazi ya vitu vinavyotegemeana, na kwamba kila kidato chake kina jina.

Somo la hesabu nalo limo. Tuseme mashine ina megabaiti 16, na mwanafunzi ameweza kukipunguza kiini kwa megabaiti moja na nusu. Kumbukumbu ya mashine hizi hugawanywa katika kurasa za kilobaiti 4. Amezikomboa, basi, kurasa 384 kati ya 4,096, ambazo sasa zaweza kutumiwa na programu zake mwenyewe. Katika kompyuta ya gigabaiti 8 punguzo hilo halionekani hata kwa darubini. Katika mashine ndogo ni tofauti kati ya programu inayokwenda na ile inayosuasua, ikihamisha kurasa kwenda na kurudi baina ya kumbukumbu na diski mpaka mtu akakata tamaa. Udogo wa mashine ndio unaofanya matokeo ya uamuzi yaonekane.

Mtu asidhani kwamba darasa litakaa siku nzima likisubiri kompaila katika mashine ya megahezi 40. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2002, NetBSD ina utaratibu wa kukijengea kiini cha SPARC ndani ya kompyuta ya aina nyingine kabisa. Kompyuta ya kisasa ya mwalimu hufanya kwa dakika kadhaa kazi ambayo mashine kuukuu ingeifanya kwa saa nyingi. Tena diski ya zamani ikifa, kama zifavyo, SPARCstation yaweza kukivuta kiini chake kupitia waya wa mtandao kutoka katika kompyuta hiyo hiyo ya mwalimu. Na ikiwashwa bila kibodi, huhamishia maandishi yake yote kwenye tundu la waya wa mfululizo, hivyo hakuna haja ya kioo kile kizito cha zamani. Nakazia hili kwa ajili ya usalama: ndani ya vioo vile mna umeme wa volti maelfu, unaoweza kubaki hata baada ya kuzimwa, na mwanafunzi asiruhusiwe kabisa kuvifungua.

Mkoa wa Tanga hauna sababu ya kushangazwa na wazo la kutunza mtambo mkongwe. Mkonge uliletwa Pangani na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika mashamba yaliyofuata mitambo ya korona imechuna majani kwa miongo mingi mikononi mwa mafundi wanaojua kila mkanda na kila beringi. Fundi wa korona hamwiti mgeni kila mashine inapobadili mlio. Naitaka hali hiyo hiyo katika chumba cha kompyuta, na sioni kwa nini ionekane kuwa ndoto.

Yako mapingamizi yanayostahili kusikilizwa. Wako wasemao kwamba misaada ya kompyuta kuukuu ni njia ya nchi tajiri kututupia taka, na kwamba Afrika haikutia sahihi Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kwa mchezo. Wana haki. Shule inayopokea mashine arobaini zilizochoka, ikaambiwa hizo ndizo maabara yake, imedhulumiwa. Ninachokipendekeza ni mashine moja au mbili zilizochaguliwa, za kufundishia kiini tu, kando ya kompyuta nzima za kufanyia kazi nyingine. Ikiwa shule haina mtu aliye tayari kuisoma mistari ile, heri isizichukue kabisa.

Wengine husema: kwa nini tusitumie kibao kidogo cha kisasa, mathalani Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012? Kitumike, ni chombo kizuri. Lakini karibu kila kitu chake kimefungiwa ndani ya chipu moja, na sehemu ya programu inayokiamsha haiko wazi. Katika SPARCstation mwalimu anaweza kulifungua sanduku mashine ikiwa imezimwa, akaonyesha kwa kidole kadi ambayo mstari wa faili unaitaja. Kwa shule isiyo na mashine hiyo iko programu ya bure iitwayo QEMU, inayoigiza SPARCstation 5 ndani ya kompyuta ya kawaida. Naipendekeza kwa muhula wa kwanza. Upungufu wake ni kwamba mashine ya kuigiza haipatwi na kutu. Mwambao huu una upepo wa chumvi, wa kaskazi na wa kusi, unaokula miguu ya kadi mpaka mguso ukapotea; na chipu ya SPARCstation inayotunza saa na anwani ya mtandao ina betri iliyofungiwa ndani yake, ambayo ikiisha baada ya miaka kumi hivi mashine husahau hata jina lake. Mwanafunzi anapojua kutenganisha kosa la mstari na kosa la mguso uliolika, amekuwa fundi.

Limebaki jambo la lugha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na watu wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta yaweza kusemeshwa kwa lugha yao. Kazi ile iliishia katika tabaka la juu, mahali pa barua na majedwali. Faili la usanidi lina nafasi iliyo tayari kwa kazi ya chini: chochote kinachoandikwa baada ya alama ya # hakisomwi na mashine, husomwa na watu. Kwa hiyo natoa pendekezo kwa walimu wa somo la kompyuta. Kila kundi la wanafunzi lipewe sehemu ya faili la GENERIC, nalo liandike mbele ya kila mstari, kwa Kiswahili sanifu, kifaa kinachotajwa ni kipi, kimetundikwa wapi, na nini hutokea kikiondolewa. Kundi la mwaka unaofuata lirithi faili hilo, lijaribu kila maelezo kwa kujenga kiini kingine, na lisahihishe palipokosewa.